Noti Ndani ya Ikama

Naftali, usicheke. Na usiambie hao jamaa wetu wa mtaa wa Sharafiya, nakuomba.

Nilikuwa nampeleka bosi uwanja wa shabaha, kule nje ya Riyadh. Bastola zake mbili ziko kwa kiti cha nyuma, ndani ya begi laini ya kitambaa. Hazina risasi, kibali anacho mfukoni. Kila kitu halali, na mimi nilikuwa najua!

Tukasimamishwa na polisi. Askari akauliza, hiyo begi ina nini?

Bro, mikono ilifanya kazi kabla ya kichwa. Nikakunja noti ya hamsini ndani ya ikama, kile kitambulisho changu cha ukaazi, nikampa. Kama tuko home!

Akaifungua. Akaangalia noti. Akamwangalia bosi. "Hii ni nini?"

Hii ni nini! Mbele ya bosi!

Bosi akashuka, akaonyesha kibali, akaniombea msamaha kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Begi hata haikufunguliwa.

Kurudi kwa gari, akanyoosha mkono: "Funguo."

Sahii anaendesha yeye. Mimi niko nyuma, begi kwa mapaja. Bastola ameniachia. Usukani, mafi, hakuna, kama wanavyosema Waarabu.