Kaka Maxwell, Nikusome Upande Gani?

Ukumbi wa Ushirika wa Wavuvi,
Soko la Kisegi,
Homa Bay.
Jumapili, 3 Agosti 1997

Mpendwa Kaka Maxwell,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U mzima wewe? Swali hilo nimeliandika kama tunavyoliandika siku zote, halafu nikasimamisha kalamu, maana safari hii nataka jibu kweli. Sisi huku tu wazima. Mama analalamikia goti tu, na mahindi yamekubali mwaka huu.

Barua hii anakuletea Mokeira, yule mama wa Kisii anayeleta vitenge kutoka Mwanza. Anasema alikuona mwezi wa sita kwenye soko la samaki la huko, na kovu lako lile juu ya jicho. Alipokuita uligeuka, kisha ukapotelea kwenye watu. Wengine hapa wanasema hukuwa wewe. Mimi sijui ninamwandikia nani, lakini ninaandika.

Wacha nikueleze kazi yangu kwanza, kwa sababu ndiyo imenitia kwenye mashaka haya. Usicheke: dada yako anasoma habari kwenye televisheni! Si ya Nairobi, ni ya hapa hapa Kisegi. Wahisani fulani walituletea kamera, mashine ya video, TV kubwa na jenereta. Sammy, yule fundi wa redio, anapiga picha wiki nzima: bei ya omena, dagaa wetu wa ziwani, daraja lililobebwa na maji, chanjo ya ng'ombe. Jumamosi saa kumi watu wanajaa ukumbini kutazama. Mimi niko kwenye kioo na lile gauni la buluu nililovaa kwenye arusi yako. Watu wananitazama kule, halafu wanageuka kunitazama nilipokaa, kama wanahakikisha.

Mwaka wa kwanza wahisani walinunua petroli na kaseti. Mwaka wa pili wakatuambia tujisimamie. Kamati ikakaa vikao vitatu. Tukasema tutoze kiingilio, akina mama wakakataa. Tukawaendea wenye maduka, wakataka wao ndio wawe habari kila wiki. Ndipo mimi, na mdomo wangu huu, nikasema tutoze matangazo ya vifo. Watu wetu wanalipa redio isome jina la marehemu wao, sembuse wakimwona na picha yake! Kanuni niliiandika mwenyewe: vifo vinalipiwa na vinasomwa kwanza. Waliopotea ni bure, wanasomwa mwisho kwa zamu, petroli ikibaki. Walinipigia makofi.

Kaka, sikufikiria. Nilidhani wanaopotea huku ni ng'ombe na mbuzi tu. Kumbe Mama naye akaleta jina lako. Jumamosi nne sasa amekaa benchi la mbele, na kila mara jenereta inazima tukiwa bado kwenye ng'ombe. Anainuka, anapangusa rinda, anasema, "Basi, wiki ijayo." Niliomba kamati nikutangulize wewe. Wakanijibu kwamba kanuni ni kanuni, tena ni yako mwenyewe.

Sasa sikiliza lililotokea Jumatano. Cephas, mwana wa baba mkubwa, alinijia na picha yako. Ameikata kutoka kwenye picha ya arusi, bega la mkeo Metrine bado linaonekana pembeni. Amelipia tangazo la kifo. Wazee wamekubaliana kwamba miaka sita bila habari zako imetosha. Na kwa kuwa mwili hakuna, watazika tunda la mti wa yago, lile refu na zito, mahali pako, kama desturi yetu inavyosema. Matanga yakiisha, mke wako atarithiwa na Cephas. Tangazo linatakiwa kusomwa Jumamosi tarehe 23.

Nilitaka kumkasirikia Cephas, nikashindwa. Ndiye aliyemlimia Metrine shamba misimu yote hii, na ndiye aliyeezeka upya nyumba yako. Labda anataka mke. Labda anataka tu mambo yaishe. Labda yote mawili, mimi sijui. Nikikataa tangazo lake, wiki hiyo hatuna petroli na habari zote zinalala. Nikilisoma, nitakuwa nimemzika kaka yangu kwa mdomo wangu, nimevaa gauni la arusi yake. Wallahi, kichwa changu kimekorogeka. Juzi nilisoma bei ya omena mara mbili, Sammy akalazimika kurudisha kaseti.

Metrine mwenyewe nilimkuta jana akichambua mboga, nikamuuliza anataka nini. Akaniambia, "Risper, kama amekufa nilie. Kama yuko hai nimtukane. Lakini nichagulieni moja." Nikavuta kigoda, nikamsaidia kuchambua.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mokeira anarudi huku Ijumaa tarehe 22. Mpe mstari mmoja, kwa mwandiko wako ule mbaya ambao hakuna anayeweza kuuiga. Kama una mke mwingine huko, sema. Kama hutaki kurudi, sema hivyo hivyo, hakuna atakayekufuata. Kama ulimkimbia Mokeira kwa aibu, aibu haiui, sisi tumeshindwa na kutojua. Ukijibu, wazee hawawezi kumzika aliye hai, na mimi nitaanza na wewe kabla ya vifo na kabla ya ng'ombe. Kanuni na ivunjike, niliiandika mimi.

Nimeshaandaa karatasi mbili, ziko mezani hapa ninapoandika. Zote zina jina lako.

Sammy anakusalimu, na watoto wa Cephas pia. Metrine hakutuma salamu, ila ameniuliza mara mbili kama karatasi ya barua imenitosha. Mama ameambiwa kuhusu tangazo lakini ni kama hakusikia. Anasema tarehe 23 atakaa benchi lile lile la mbele, angojee zamu ya waliopotea.

Mungu akulinde popote alipokuweka, mradi ni juu ya udongo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kujua uliko,

Risper