Trekta Ilipopita Mlango wa Okoth

Jumatatu, 12 Februari 1996

Bolti ya plau imekatika tena. Fundi wa Uriri amesema haitoki. Nimeitoa mwenyewe, nikamwambia mimi ndiye niliyeinua lori la pamba pale mtoni Kuja, dereva akiwa ndani amelala, hata hakuamka. Alicheka. Wacha acheke.

Trekta ni ya Mzee Salim, mwenye duka la vyuma Homa Bay. Nimeikodi mpaka mvua ianze, ikianza anaitaka kwake. Waliojiandikisha nikawalimie ni wengi kuliko siku zilizobaki. Jana asubuhi nililima karibu na soko, mchana nikavuka ng'ambo, jioni nikarudi palepale nilipotoka. Dizeli imekwisha njiani. Upuuzi.

Kaka yangu Okoth bado yuko kitandani. Kifua. Ameuliza lini tutaanza shamba lake, lile la nyuma, kando ya kijito. Nimemwambia karibuni.

Alhamisi, 15 Februari

Atieno amefika, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Oyugis. Chuo kimefungwa. Anasomea kitu kinaitwa opereshen risachi. Nilidhani ni mambo ya jeshi. Kumbe ni hesabu za biashara. Una trekta moja, dizeli kidogo, watu wengi. Uanzie wapi, upitie wapi, umalizie wapi, ili usipoteze. Tena ameitoa kichwani bila kukohoa. Akili hiyo ni ya upande wetu, si ya baba yake.

Amechora mashamba yote kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Duara ni shamba, mstari ni njia. Kisha akanihoji kama polisi wa kizuizini.

"Nera," akasema. Ndivyo mtoto wa dada anavyomwita mjomba kwa lugha yetu. "Kuna shamba lolote ambalo lazima litangulie lingine?"

Nikasema hakuna.

"Na udongo upi unageuka tope kwanza?"

Nikamwambia trekta hii niliivusha ziwa kutoka Mbita mpaka Rusinga kwa magurudumu yake, tope ni kitu gani?

"Nera, mimi naandika unachoniambia. Hesabu haitajua usichosema."

"Andika, mwanangu, andika."

Nilijua. Okoth na mimi bado tunakaa katika boma la baba yetu, na katika boma mkubwa ndiye anayefungua ardhi. Alime yeye, apande yeye, ndipo mdogo afuate. Mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo. Lakini ningelisemaje mbele ya msomi wa Nairobi? Angeniona mshamba. Na shamba la Okoth, lile la kijitoni, liko mbali, linamaliza dizeli.

Ijumaa, 16 Februari

Hesabu imetoka. Shamba langu ndilo la kwanza, kwa kuwa trekta inalala hapo. Kisha yote ya kando ya barabara, mpaka ng'ambo. La mwisho kabisa ni la Okoth.

Atieno amelirudia swali lake mara moja zaidi kabla ya kupanda gari la Oyugis. Nimemjibu vilevile.

Jumamosi, 17 Februari

Nimelima kwangu. Nimepanda siku hiyohiyo, udongo ukiwa mkavu. Mke wangu hakutaka kushika mbegu. Nimepanda peke yangu. Ni haraka zaidi.

Kutoka kwangu kwenda barabarani trekta inapita mbele ya mlango wa Okoth. Sikupunguza mwendo.

Jumatano, 21 Februari

Inafanya kazi! Dizeli ya siku moja sasa inafika siku ya pili. Shamba na shamba, hakuna kurudi nyuma. Sokoni wamenizunguka. Nimewaambia hesabu hii niliivumbua mwenyewe zamani, nikiwa turnboy, utingo wa lori, na kwamba Wazungu wawili walitaka kuinunua kwangu nikakataa. Mmoja akauliza, "Ouma, na kwa Jaduong', mzee wetu Okoth, mmeshalima?" Nikamwambia kila kitu kina foleni yake. Akachukua sukari yake akaenda.

Jumapili, 25 Februari

Manyunyu jana usiku.

Nimeingia kumwona Okoth. Amebaki macho tu. Mama Achieng', mke wake, alikuwa anamnywesha uji. Okoth amesema, "Naisikia." Trekta. Nikamwambia inakuja kwake. Akasema, "Ile sauti iko upande wa barabara." Nikamhadithia habari ya kiboko niliyemkimbiza Homa Bay. Zamani ilikuwa inamchekesha mpaka anashika mbavu. Leo alifumba macho.

Jumamosi, 2 Machi

Mahindi yangu yametoka. Mazuri sana, mstari umenyooka. Watu wanapita njiani wanageuza shingo wakitazama upande mwingine.

Mashamba yamebaki machache. Nitafika kwa Okoth wiki hii. Lazima nifike.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kubwa. Nimeingiza trekta shambani kwa Okoth mvua ikinyesha, nimebaki na lile moja tu. Haikufika katikati. Udongo wa pale ni mweusi, unanata. Magurudumu yamezama mpaka ekseli. Tumekata matawi, tumetandika mawe, tumefunga kamba. Hakuna.

Mtaro mmoja. Nimelima mtaro mmoja, tena haukunyooka.

Jumatano, 6 Machi

Mzee Salim amekuja mwenyewe na dereva wake na trekta nyingine ya kuvuta. Si mtu wa makelele.

"Bwana Ouma, mapatano yetu yalikuwa mvua."

Nikamwomba siku moja tu. Akatazama shamba, akatazama viatu vyake.

"Hapa? Hapa ulipaswa kuanzia, bwana. Hata mimi mtu wa pwani naona."

Wameivuta, wameondoka nayo. Nimesimama kwenye matope kama mlingoti.

Jumamosi, 9 Machi

Okoth amefariki asubuhi hii.

Jumamosi, 16 Machi

Tumemzika. Watu wengi. Hakuna aliyekaa karibu nami.

Wazee wamesema neno lenyewe bila kuzunguka: chira. Ile laana inayomshika anayevunja mpangilio wa boma. Wanasema mdogo alipanda mkubwa akiwa hai, sasa tazama. Nimewaambia alikuwa na kifua tangu Krismasi. Kweli alikuwa nacho. Lakini sauti yangu ilitoka nyembamba, na mimi nina sauti ya kuita mtu aliye Oyugis. Wamesema ninywe dawa ya miti, yaishe. Naogopa. Naandika hapa tu kwamba naogopa.

Atieno alikuja. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya mlango wa stoo. Chaki bado iko. Nilipomfikia alikuwa analia.

"Nera, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ungesema tu. Ningeweka sharti moja, Okoth kabla ya Ouma, na hesabu yote ingejipanga upya. Dizeli ingeongezeka kidogo. Kidogo, Nera!"

Alifuta mlango kwa kiganja. Nilitaka kumwambia si kosa lake.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwendea Mama Achieng'. Nimemwambia nitakunywa ile dawa ya wazee, ili na yeye apande kwa amani.

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Shemeji, mimi ni mtu wa kanisa. Chira yenu siijui. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi aliniuliza, imefika? Nikamwambia, imefika, inalima. Nimemdanganya mume wangu mpaka siku ya mwisho kwa sababu yako. Na alijua nadanganya." Akaendelea na maharagwe yake. "Kunywa dawa ukitaka. Hiyo ni ya tumbo lako. Mimi nitapanda nini, na wapi?"

Sina hadithi ya kumjibu. Mimi.

Alhamisi, 28 Machi

Ng'ombe wa kulima wa Mkuria mmoja, nimewakodi, malipo ni redio yangu. Wamelima kwa Okoth. Ng'ombe hawajali tope, wanakwenda taratibu. Wangeweza hata Februari. Sikuwaza ng'ombe. Nilikuwa na trekta.

Jumamosi, 30 Machi

Nimewapeleka ng'ombe shambani kwangu. Mahindi yamefika magotini. Mkuria akasimamisha ng'ombe.

"Mzee, hapa kuna mahindi."

"Nayaona."

"Mazuri kuliko ya kila mtu!"

"Lima."

"Utakula nini? Umelewa?"

Nikashika plau mwenyewe. Mke wangu ametoka, ametazama, ameingia ndani akafunga mlango. Tumeyafukia yote, ili kwa Okoth patangulie. Yananukia yakivunjika, harufu mbichi, kama mvua ya kwanza. Mwaka huu tutakuwa na njaa katika nyumba yangu. Hilo nalijua, sihitaji mlango na chaki.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua nyepesi tangu alfajiri.

Mama Achieng' ametoka na mbegu kwenye kibuyu. Amepanda mstari wa kwanza peke yake, kuanzia ule mtaro wangu uliopinda. Nimesimama njiani. Sikuitwa, sikufukuzwa.

Alipomaliza shamba alipita mbele yangu. Kibuyu kilikuwa na mbegu kidogo chini. Amenipa mbegu hizo.

Nimepanda shambani kwangu. Mke wangu amekuja na jembe.