Mume Wangu Alishika Mikono Yangu Akasema Ni ya Mwanamume

Mpendwa mshauri, kabla sijahama nyumba yangu mwenyewe naomba nisikilizwe na mtu asiye ndugu yangu wala ndugu wa mume wangu, kwa sababu wa kwangu wote wananiambia ni mchezo tu, na wa kwake wanacheka mpaka leo.

Mimi ni mama wa watoto watatu na kazi yangu ni kutengeneza makochi. Karakana sikurithi kwa mtu, nilianza na nyundo ya kuazima kwenye veranda ya watu, leo nina mafundi tisa na duka linalotazama barabara kuu, na ile nyumba tunayokaa, nikipiga hesabu ya haki, katika kila matofali kumi, saba yametoka kwenye mikono hii ninayokuandikia, maana mume wangu ni karani wa bohari, mshahara wake ni wa uhakika lakini ni mdogo, na sijawahi kumsimanga kwa hilo hata siku moja.

Kila mwaka baridi ikishaondoka na nyasi zikachipua kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana, nafunga kazi Jumamosi moja nawaita mafundi na wake zao, majirani na ndugu wa mume, tunakula, halafu watu wazima tunacheza. Watoto tunawaweka pembeni wawe watazamaji, siku hiyo ni yetu. Tunavuta kamba, tunakimbia na yai kwenye kijiko, tunafungana miguu wawili wawili, na kiti cha muziki tunachezea vigoda nilivyovishona mwenyewe, kwa hiyo hata mimi bosi naangukia makalio kwenye nyasi na fundi wangu ananicheka, na hilo ndilo nalipenda, maana Jumatatu watu wanarudi kazini wakiwa wepesi.

Mwaka huu fundi wangu mkubwa, tunayemwita Mjumbe kwa sababu kila jambo lazima alihutubie, akaleta mchezo mpya. Wake tuvue pete, tusimame mstari mmoja, tunyooshe mikono, tusiseme neno, na mume afungwe kitambaa machoni apapase mikono ya mmoja mmoja mpaka amtambue wake. Mchomeleaji wa jirani hakupapasa hata mara mbili akamtaja wake, na mzee wa duka la vioo, ambaye hata kwa miwani haoni vizuri, alimshika mkewe akamwambia twende nyumbani, watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya mume wangu. Akapita wa kwanza, akapita wa pili, akafika kwangu. Mshauri, alishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye dole gumba la kulia ambalo halina kucha, ilitoka kwa nyundo wakati ule tunakimbizana kumaliza paa la nyumba, nikafunga kitambaa nikaendelea na kazi bila kumwambia mtu, kisha akasema kwa sauti ya uwanja mzima, "Mjumbe, acha utani, huyu mwanamume umemweka hapa wa nini?"

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Akaniacha, akaenda kushika mkono wa mke wa mdogo wake, ambaye kazi yake ni kupokea wageni hotelini, akasema huyu hapa mama watoto.

Nikacheka na mimi, ungefanyaje mbele ya mafundi wako, nikagawa zawadi, nikakusanya vigoda, nikafunga mlango. Tangu siku hiyo nalala chumba cha binti yetu.

Ati akajaribu kunituliza. Alinifuata kazini akaniwekea kwenye benchi, mafundi wote wanatazama, chupa ya mafuta laini ya mikono, sijui alidhani ni dawa ya nini, nikampa Mjumbe ampelekee mkewe. Jioni nikamuuliza mume wangu, baba, miaka yote hii unashindwaje kunijua? Akajibu taratibu, "Mara ya mwisho uliniacha niishike mikono yako lini?" Yaani kosa limegeuka langu, mimi ninayerudi na gundi mpaka viwikoni, akitaka kunishika namwambia ngoja kwanza, nanuka gundi, kwa heshima yake, nisimchafulie shati la ofisini, na hata kwenye harusi za watu naificha mikono ndani ya mtandio ili asione haya kwa sababu yangu.

Karakana ina vyumba viwili vitupu. Nimeshapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Wakubwa wameshatoka nyumbani, amebaki huyu binti wa mwisho, na ameniuliza kama na yeye atahama. Nihame, au nimeze hili na kuendelea kulala nyumba moja na mtu asiyenijua?

Mama Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, Mama Makochi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya kwanza ningekuwa karibu na mumeo ningemsema vibaya. Angekosa kukutambua akanyamaza, ungekuwa mchezo. Alitamka lile neno mbele ya watu wanaopokea amri kutoka kwako, na hilo si mchezo. Kisha akaja na chupa ya mafuta, kana kwamba kilichoharibika ni ngozi. Hapo sina la kumtetea.

Sasa nigeukie wewe. Unasema hujamsimanga hata siku moja, lakini matofali yake umeyahesabu, matatu kwa kumi, na mimi nisiyemjua nimeshajua mshahara wake ukoje. Usidhani hesabu hiyo haisikiki nyumbani kwa kuwa hujaitamka.

Lile swali lake umelichukua kama tusi. Mimi nimelisoma kama neno la kweli kuliko yote mliyoambiana tangu siku ile. Wewe mwenyewe umeniandikia: akitaka kukushika unamwambia ngoja. Umengojesha, mama, mpaka mtu akafungwa kitambaa na kwenda kutafuta mikono laini anayoikumbuka, ya yule msichana wa nyundo ya kuazima. Aliikuta kwa mke wa mdogo wake. Yako ya leo hajawahi kukabidhiwa. Dole gumba lako limepoteza kucha kwa ajili ya paa analolala chini yake, na ulilifunga kitambaa ukamficha. Alijueje?

Na ungefungwa wewe kitambaa, waume wakasimama mstari, ungemtambua wako? Jibu usinitumie, libaki kwako.

Usihame. Siyo sasa. Leo hii mwambie binti yako kwamba hakuna anayehama wiki hii, kwa sababu yeye anangoja jibu na hana mshauri wa kumwandikia. Kesho ukitoka kazini usinawe mikono bombani. Ingia nyumbani na gundi yako, kaa mezani, weka mikono juu, mwite mumeo akae. Mweleze habari ya kucha, tangu nyundo ilipoanguka mpaka ulipofunga kitambaa, na matofali usiyataje kabisa. Akinyoosha mkono, usimwambie ngoja.

Ukimaliza, mdai jambo moja, na hapo usilegeze. Awaite Mjumbe na wote waliocheka, pale pale kwenye nyasi, awaambie kwa kinywa chake kwamba alikosea, na hiyo mikono ni ya nani na imefanya nini. Alikuvunjia heshima mbele ya watu, airudishe mbele ya watu. Akikataa, shona mapazia yako uhamie vyumba vile, na atakayekuambia ni mchezo tu mwonyeshe mlango.

Akikubali, mwakani mchezo uchezwe tena. Simama mstarini, vua pete, usipake kitu. Akifika kwenye dole gumba lile, hatahitaji kwenda kwa wa nne.