Tumbo Lililokataliwa Hospitali

Tandika, Temeke
Dar es Salaam
Masika yakielekea kwisha

Dada yangu Asumini,

Shikamoo. Naiandika nikiwa nimekalia kreti tupu la soda nyuma ya duka, nalo linalia kila nikijisogeza, kwa hiyo ujue shikamoo hii imekuja na uzito wake. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Mikorosho imeshika maua, au nayo imegoma? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wa jirani wanahama? Huku sisi tupo. Ningekuwa na neno zuri kuliko hilo ningeliandika.

Najua unasubiri habari za wifi yako, nami nimeanza kuzunguka kama kawaida yangu. Niache nizunguke kidogo, nitafika.

Acha nianze na kitambi changu, maana ndicho kinachotangulia kila ninapokwenda. Unajua nauza kwenye duka la ushirika. Siku hizi tunauza chumvi, viberiti, na neno "njoo kesho." Sukari ikifika watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na kabla mtu hajatazama mizani anatazama tumbo langu. Mwaka jana kwenye mkutano, balozi wetu wa nyumba kumi alisimama akasema kupe wanaonyonya jasho la wananchi tunao humu humu mtaani. Watu wote wakageuka kunitazama. Nami nikageuka nitazame nyuma yangu, lakini nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Wallahi, dada, kitambi hiki ni ugali wa unga wa njano na urithi wa marehemu baba. Humo ndani hamna hata kijiko cha sukari ya umma.

Basi wakati mie naitwa kupe, wifi yako alikuwa anasifiwa. Hukumbuki siku ya harusi yetu ulivyomwita Pipa, ukaniambia niongeze kitanda? Jina hilo alilipenda mwenyewe, amelibeba miaka yote. Na unajua kwetu mke akinawiri anayepewa mkono ni mume. Mfungo ulipokwisha, tumbo lake likaanza kusogea mbele. Wanawake wa bombani wakawa wanamwambia, "Mama Salma umenenepa, Dar imekupenda." Wengine wakanong'ona kwamba kuna mgeni anakuja, kwa umri wetu huu. Wanaume dukani wakanipa hongera, nami nikazipokea kwa mikono miwili. Nilitembea barabarani kama jogoo.

Siku hizo hizo bangili zake zilikuwa zinaanguka ndani ya beseni akifua. Zile bangili, dada, ambazo zamani hazitoki bila sabuni. Nikamwambia labda zimepanuka kwa joto.

Aliyenifumbua macho ni Salma. Alikuja siku moja kutoka kwa mumewe Kinondoni, akamwamkia mama yake, akamshika mkono juu ya kiwiko, akabaki ameushika. Baadaye akaniita uani.

"Baba, mama anakonda."

Nikamwambia amtazame vizuri.

"Nimemtazama. Wewe unatazama tumbo tu."

Ndipo nikaona. Kile kidevu cha pili ulichokuwa unamtania nacho hakipo. Mashavu yameshuka, mabega yamebaki mifupa, na tumbo peke yake ndilo linaendelea na safari. Tukampeleka hospitali.

Daktari tuliyempata ni binti mdogo, amerudi juzijuzi kutoka masomoni ng'ambo. Ananiita baba na ana mikono mipole. Akatuambia tumbo lile si unene wala si mgeni, ni maji. Wakamchoma sindano ubavuni, wakaunganisha mpira mwembamba, maji yakawa yanashuka kwenye ndoo mchana kutwa. Kisha akanitoa nje ya wodi akaniambia kwamba ugonjwa wenyewe uko kwenye ini, umeshaenea, na hakuna pa kupasua. Alisema maji yatakuwa yanarudi. Alilisema kwa Kiswahili chepesi, dada, ili nisipate nafasi ya kutoelewa.

Tukarudi wodini. Wifi yako ananitazama, mpira unadondosha, nami sijui niuweke wapi uso wangu. Unanijua. Nikikosa la kusema, nasema la kipuuzi. Nikamwambia yule daktari, "Mwanangu, mpira huo ukimaliza kwake niunganishe mie. Huku kuna akiba. Yachukue haya mafuta umpe mwenzangu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akakaa ukingoni mwa kitanda akanijibu kama mwalimu. Akasema huko alikosoma wapo madaktari wameanza kazi hiyo kweli, wanaingiza mrija chini ya ngozi wanafyonza mafuta. Ila si dawa ya mtu mnene awe mwembamba. Ni kwa mtu ambaye mwili wake uko sawa, mafuta yakamng'ang'ania mahali fulani yakakataa kutoka. Mimi nikamuuliza mahali gani, maana mie yameng'ang'ania kote.

"Yale yaliyo chini ya ngozi tu, baba. Yanayoshikika kwa vidole."

Akaanza kunikagua pale pale, wagonjwa wa vitanda vya jirani wamekaa kitako wanatazama. Akanifinya chini ya kidevu, akasema hapa panafaa. Akafinya nyama ya nyuma ya mkono, hii inayopunga yenyewe nikimuaga mtu, panafaa. Ubavuni juu ya mkanda, panafaa sana. Akasema na nyonga, na mapaja kwa nje, na kwa ndani ya magoti, ingawa huko hakunifinya, aliniheshimu.

"Na kifua, daktari," wifi yako akasema kutoka kwenye mto. "Usisahau kifua. Kile kilitakiwa kiwe changu."

Hata kifua, akasema daktari, kwa wanaume wa namna hii. Wodi nzima ikacheka. Kisha akafika kwenye kitambi chenyewe. Akajaribu kukifinya, vidole vikateleza. Akakibonyeza, kigumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Akatikisa kichwa.

"Hapa hapafai. Tumbo likiwa laini huwa linafyonzeka, lakini hili lako mafuta yake yako ndani, nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo. Mrija haufiki huko."

Yaani, dada, tumbo nililotukaniwa mwaka mzima ndilo lililokataliwa. Wifi yako alicheka mpaka akashika ule ubavu wenye sindano. Akasema, "Mwambieni balozi, jamani. Kupe gani huyu, hata kufyonzwa hafyonzeki."

Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu mfungo. Nikaona nisiiache nafasi. Nikamuuliza daktari kuhusu hayo ya kidevuni na mikononi, yale yanayofaa, kama wanaweza kweli kuyatoa kwangu wakamtilia yeye. Safari hii sikuwa natania.

"Hayahamishiki, baba," akasema polepole. "Si kwa ugonjwa huu. Hata tungekuwa na uwezo, mwili wake usingeyashika."

Wifi yako akaninyooshea mkono. "Mwachie, daktari. Mie nimeyazoea yakiwa hapo hapo."

Basi ndiyo habari yenyewe, nimefika. Maji yamerudi, kama tulivyoambiwa. Tulikaa naye barazani akaniambia nimlete kwako. Hataki kubaki Dar akisubiri. Hata neno kuhusu mahame, kile kijiji chetu cha zamani alikozikwa mama yake, analo, lakini atakuambia mwenyewe. Kijiji kimehamia barabarani, yeye moyo wake haukuhama.

Barabara imefunguka na kivuko cha Rufiji kinavusha tena, kwa hiyo Ijumaa ijayo tunapanda basi. Barua hii nampa jirani yetu anayetangulia. Mpikie uji mwepesi, chumvi usitie. Akae karibu na mlango, anapenda kuona wapitao.

Mtaa umeshajua. Juzi balozi alikuja mlangoni kwangu na kopo la mafuta ya kupikia, na unajua mafuta ya kupikia sasa hivi ni kitu gani. Akaliweka chini, akazungusha kofia mkononi, akakosa hotuba. Mwishowe akatazama kitambi changu, akasema, "Kula, ndugu yangu. Na wewe usije ukakonda." Nikamkaribisha ndani, tukanywa chai bila sukari.

Nisalimie shemeji mkoromaji. Nisalimie mama mdogo asiyesikia vizuri, mpigie kelele kwa niaba yangu. Nisalimie mjomba mchonga vinyago, mwambie kile cha mtu mwenye tumbo alichonichongea kipo juu ya kabati, na sasa kimekuwa chembamba kuliko mimi. Salma anakuamkia, atafuata akipata ruhusa.

Sasa sikiliza, dada, hili ndilo hasa nililoandikia. Unajua desturi yetu. Mtu akitoka Dar, kabla mizigo haijashuka watu wameshauzunguka mwili wake wanauhukumu, amenenepa au amekonda. Wifi yako anaiogopa siku hiyo kuliko sindano. Nimemkuta chumbani anajifunga kanga tatu kiunoni, moja juu ya nyingine, ndipo anavaa gauni, anajaribu kama nyonga zitarudi. Akaniuliza, "Dada akiniona ataniita nani sasa?" Nimemwambia dada ana majina mengi.

Kwa hiyo nakuomba uwahi stendi, uwatangulie wote. Waambie mapema, na watoto waambie. Akishuka, mwite Pipa. Mwite kwa sauti kubwa ileile ya harusini, umuulize Dar wamemlisha nini mpaka basi limepinda. Mwambieni amenenepa. Usimkumbatie kwa nguvu, utazigusa kanga.

Mie nitashuka nyuma yake na mizigo. Kama kuna mtu hawezi kujizuia, ni lazima aseme kwamba mtu fulani amekonda, basi na aseme ni mimi. Nitakubali.

Ni mdogo wako, yule asiyefyonzeka,
Hamisi