Sauti ya Mama Ndani ya Gari

Utemini,
Singida.
22 Septemba 2007

Mpendwa mdogo wangu Abdulhamidi,

Sauti ya mama imepotea. Ilipotea Ijumaa, tarehe 14 mwezi huu, ndani ya gari. Nimeitanguliza mbele ya salamu, unisamehe.

Hujambo huko Nagoya? Kazi, afya? Marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni. Sisi wazima, tumefunga, na mashine ya mafuta inakwenda.

Unajua kwetu hakuna aliyesafiri bila dua ya mama. Alipokuwa hawezi kuinuka tukamrekodi kwenye sidii, gari likaimeza, likanakili sauti yake na kuitunza ndani. Sidii ilipovunjika sikujali. Hata baada ya kumzika, kila nikiwasha kwenda Iguguno, mama alianza kuniombea kabla sijatoka getini. Alizeti zikiwa zimechanua, pande zote mbili za barabara zilikuwa kama watu wanaoitikia amina. Mara nyingine nilifika nisikumbuke nimepita wapi.

Kisa ni saa. Gari lilikuja na saa ya Japani. Kwa kuwa mmetutangulia kwa saa sita, kwetu ikiwa saa moja asubuhi kioo cha redio ya gari kilionyesha 1:00. Nilifurahi, nikaona gari limetujua. Lakini shemeji yako Shamte alitazama saa yake ya mkononi, 7:00, akacheka: “Mama Rahma, gari gani hili la saa za Kiswahili? Watu watatucheka!” Akaingia kwenye mipangilio, yote Kijapani. Kioo kikauliza neno, akakubali. Saa ikafutika, na mama naye.

Wewe ndiye unayechora menyu hizo, basi nisikilize. Vitufe kumi na vinne, rangi moja! Cha saa kinapakana na cha kufuta kila kitu. Kinachofuta kikae peke yake, kiseme kinafuta nini, kiulize mara mbili. Lugha iwe mlango wa kwanza, siyo wa tano.

Juzi nimeota mama yuko nyuma ya kile kioo, anakipapasa taratibu, anatafuta pa kutokea. Hakuwa na hasira. Mimi ninayo.

Rahma anakuamkia, na Shamte, kwa aibu, anakusalimu. Mola akulinde ugenini, akurudishe ungali unatufahamu.

Sasa: fundi wa hapa anadai huenda sauti bado imo, imefichika tu. Lakini gari tunaliuza; mnunuzi anatoka Ikungi kulichukua Jumamosi, tarehe 6 Oktoba. Nipigie simu kabla ya adhuhuri ya siku hiyo. Usinipe pole, usinifundishe mitambo. Imo, au haimo?

Dada yako, mwenye hasira na mapenzi,
Saada