Albamu ya Eliya na Jani la Sale

Dada Zuhura, shikamoo.

Katika mlima huu wote hakuna masikio makali kama ya mdogo wako. Theluji ikiyeyuka kule juu, naisikia. Huku Kibosho baridi inauma, na mtori wa Mama Eliya ni mtamu kuliko chochote ulichowahi kuunguza.

Jana mwenyeji wangu Eliya alituwekea albamu mpya ya bendi yake kabla hajaitoa, akataka maoni. Magitaa matupu, hakuna cha kuchezesha kiuno. Majirani wakasema, "Nzuri, nzuri." Mimi nikasema nyimbo nne za mwanzo ni wimbo mmoja uliobadilishwa shati, na sauti yake imejificha nyuma ya gitaa kama mwizi wa ndizi.

Mama Eliya akachuma jani la sale pale uani, lile ambalo Wachaga huombea msamaha, akanishikisha.

"Mpelekee mwenzako. Kwani wewe muziki umeusomea wapi?"

"Mama, hata kula sikusomea, lakini sufuria yako nimeimaliza."

Jani nikamrudishia. Msamaha wa nini, kwa kusema kweli? Na leo narudia yaleyale!

Nakukumbuka, dada, pamoja na ukoko wako. Watoto wabusu wote, hata yule anayeuma.

Ila asubuhi hii Eliya amewaambia wenzake albamu haitoki tena. Na ule wimbo wa mwisho, ambamo anamlilia baba yake, ulinifanya niweke kijiko chini. Hilo sikumwambia.