Pengo Chini ya Mpingo

Mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Salamu nyingi, na uzipokee zote maana sina za akiba. Ukitaka kujua hali yangu, naamka, nakula kidogo, magoti yanalia kama bawaba za mlango wa stoo, lakini yananifikisha. Wewe je? Unakula, au bado unashindia chai na biskuti kama panya wa ofisini? Nimeambiwa umekonda. Mtu anayeinama juu ya meza ya snuka siku nzima hawezi kusimama kwa miguu ya mende.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, nimeketi kwenye benchi la karakana ya babu yako. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala, ziamshe mwenyewe. Shangazi yako alitaka nimtajie maneno yeye aandike. Nikamwambia aniondokee. Haya si maneno ya kupita mkononi mwa mtu.

Baba yako mdogo tulimzika Jumanne. Ujumbe wako shangazi yako alinisomea: "Poleni." Neno moja. Kuku wa jirani akifa watu husema zaidi. Sina haki ya kukulaumu sana, na ukifika chini ya barua utajua kwa nini, ila nilitaka ujue kwamba niliumia.

Alilala chumba cha nyuma miezi miwili. Kifua. Daktari alisema ni vumbi la kule kwenye kiwanda cha milango, alikokwenda kubeba mbao baada ya kufukuzwa hapa. Mtu aliyeweza kugonga ubao wa eshi, ule mti mweupe wa nchi za baridi, akakwambia kama utatoa fimbo ya bingwa au mguu wa kiti, alikuwa anabeba milango ya vyoo. Wiki ya mwisho hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Akaniuliza kama bado unaangusha kiwiko unapopiga mpira wa mbali. Nikasema sijui. Akasema mtu akukumbushe.

Sasa nisikilize. Wewe umekulia kwenye vumbi la randa, lakini umekaa mbali, na nataka uelewe vizuri, kwa hiyo nitakueleza kama mgeni.

Fimbo ya snuka ni eshi mbele na mpingo nyuma. Nyuzi za eshi zikinyooka kutoka ncha hadi kitako, ukipiga mpira habari inakufikia mkononi hapo hapo: umepiga katikati, umepiga pembeni, umepiga kwa woga. Nyuzi zikipinda, habari inapotea njiani. Mpingo unatia uzito, pamoja na kipande cha madini ya risasi kinachofukiwa kwenye kitako. Babu yako hakutaka kabisa zile fimbo za kuungwa katikati kwa skrubu. Alikuwa akisema ni sawa na kuongea na mkeo kupitia kwa mkalimani.

Kazi yenyewe iko pale eshi inapokutana na mpingo. Eshi inapigwa randa pande nne mpaka kila upande uwe bapa kama kioo. Kila upande unagandishwa kipande cha mpingo kwa gundi, kinabanwa kwenye jiliwa mpaka kesho yake, ndipo kitako kinachongwa kuwa mviringo. Upande mmoja ukiyumba, hata kwa unene wa ukucha, chini ya mpingo panabaki pengo. Jicho halilioni. Mkono ndio unaolijua.

Ulipofuzu kwenda kwenye mashindano ya ubingwa, babu yako aliapa kwamba fimbo ya mchumba wake, yaani wewe, haitaguswa na mtu mwingine. Baba yako mdogo akaomba angalau ashike randa, maana ni yeye aliyekupa fimbo ya kwanza ukiwa bado unapanda kreti ya soda ili uione meza. Babu yako akamwambia akachonge mwiko. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Wewe ulikuwepo, na nadhani hapo ndipo ulipopata mbegu ya yale uliyoyasema baadaye.

Fainali ulishindwa. Ulituambia fimbo ilikufa mkononi, kila ukipiga ni kama unapiga kwa ufagio, na mpira mweupe hausimami unapoutuma. Ulikosa mpira mweusi ambao ungeutia shimoni huku umefumba macho. Ukaja hapa moja kwa moja, ukaitupa fimbo juu ya benchi mbele ya wateja, ukasema kuna mkono umeichezea. Ukamwambia baba yako mdogo kwamba alinyimwa kazi ndiyo maana akaiharibu. Ukamwita hasidi. Babu yako alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi, anasikia kila neno.

Kilichofuata ulikiona, lakini hukukielewa. Baba yako mdogo aliichukua fimbo, akaining'iniza kwa vidole viwili karibu na sikio, akagonga kitako kwa kifundo cha kidole. Fimbo iliyo nzima huitika. Ile ilikohoa. Akagonga tena. Kisha akanitazama mimi. Halafu akasema kwa sauti kubwa, ya kufika chumba cha pili, kwamba ni kweli, ni yeye, aliichonga upya mzee akiwa amelala.

Wewe ukatema mate sakafuni. Babu yako akasema kutoka kitandani kwamba huyo asilale tena kwenye nyumba yake. Akaondoka alasiri ile ile, na randa yake kwapani. Mwezi haukuisha, babu yako akafa, akiamini kwamba fimbo yake ya mwisho ilitoka mikononi mwake ikiwa safi.

Haikuwa safi. Hakuna aliyeichonga upya.

Mikono ya babu yako ilikuwa imeanza kutetemeka tangu mwanzo wa mwaka ule, na macho nayo yalishachoka. Aliporanda upande wa tatu niliona umeyumba kama bati la paa. Alipoweka mpingo juu yake, niliona mwanga ukipita chini. Yeye hakuuona. Ilikuwa niseme. Mdomo huu unaomsema kila mtu, siku ile ulikufa ganzi. Nilijua nikisema, ataiweka randa chini na hataishika tena, na watu watasema mzee amekwisha.

Siku ya pili, alipokwenda kujinyoosha, nikachukua unga wa mpingo, nikauchanganya na gundi, nikaushindilia kwenye lile pengo kwa dole gumba. Ulipokauka nikaupiga msasa mpaka mimi mwenyewe sikupaona tena. Miaka arobaini nimepiga msasa katika karakana hii, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilijiambia itashika. Na ilishika kweli. Ila unga na gundi havina nyuzi. Mkono wako ulikuwa unaongea na kizibo.

Na mwanangu alipoigonga akanitazama, alijua ni kazi ya nani. Msasa wa namna ile nyumbani kwetu alikuwa nao mtu mmoja. Alinipa nafasi niseme. Mimi nikaenda kuosha vikombe.

Miaka mitatu alikuwa akija kunisalimia kupitia mlango wa nyuma, namwekea chakula, anakula, anaondoka, na hakuna aliyelitaja jambo lile. Wiki mbili zilizopita nilimwambia nitakuandikia. Akanikataza. Akasema mzee amelala na jina lake, tumwache. Lakini mimi sijawahi kuamrishwa na mtu niliyemzaa, sitaanza na maiti.

Jana niliikata ile fimbo. Kipande nimekifunga kitambaa, kimo ndani ya kifurushi hiki. Tazama pale msumeno ulipopita. Utaona weupe wa eshi, weusi wa mpingo, na katikati yake mstari mweusi usio na nyuzi. Huo ni mimi.

Lile neno la hasidi hukulisema hapa tu. Ulilipeleka klabu, ndiyo maana hakuna fundi wa fimbo aliyempa tena hata msasa. Basi nenda klabu siku ya mashindano, watu wamejaa, uwaonyeshe kipande hicho. Sema mkono wa babu yako ulikuwa umekwisha. Sema bibi yako alificha. Sema baba yako mdogo alijua, akajitwisha. Sehemu yangu usiipunguze kwa kunionea huruma. Nilichagua jina la mume, nikamtoa mwana kafara, na mikono yangu haikuwa imetetemeka.

Ukishasema, ndipo uje. Kabla ya hapo sitakufungulia, maana tutakaa wawili tulie, tufutane machozi, tujione tumemaliza.

Shangazi yako anakusalimu. Hajui lililomo humu, atalisikia siku watakayolisikia wengine. Vaa soksi nzito, sakafu za klabu zina baridi. Na ule, mwanamke wewe.

Ni mimi bibi yako,
mama wa marehemu.